Mlango Kabla ya Ukuta: Kutoka Gitega Hadi Muyinga

Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, umekaa juu ya vilima, na mvua zake huanza karibu na Septemba zikaendelea hadi Mei. Katika nchi ya namna hiyo, nyumba isiyo na mlango madhubuti ni nyumba nusu. Kila ajengaye kwa fedha haba hukabiliwa na swali lile lile: anunue mlango ulio tayari, au amwendee fundi?

Wazee hawakuwa na swali hilo. Karibu na mji, huko Gishora, kwenye ngoma za kifalme zinazokumbusha enzi ya Mwami Mwezi Gisabo, zipo nyumba za nyasi zenye umbo la kuba. Nyumba za jadi za namna hiyo zilikuwa na upenyo mfupi, mgeni akaingia kwa kuinama, na usiku upenyo ukazibwa kwa matete yaliyosukwa. Nyumba na mlango vilitoka katika mikono ile ile, navyo vilikubaliana. Wala si ajabu kwamba neno la Kirundi umuryango humaanisha upenyo wa nyumba na pia ukoo. Nasi katika Kiswahili husema kwamba watu fulani ni wa mlango mmoja.

Leo fundi seremala wa Gitega hufanya kazi kwa mbao za mkaratusi au mgrivilea, miti inayopandwa vilimani. Mlango wake una faida kubwa: hukatwa kwa kipimo cha nyumba ya mteja, nao ukiharibika hutengenezeka. Adui yake ni haraka. Mbao mbichi, hasa za mkaratusi, hupinda na kupasuka zikaukapo. Mlango uliofunga vizuri Aprili huacha mwanya Julai. Mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza mbao zimekaushwa muda gani, tena kivulini, ndipo aulize bei.

Barabara iendayo Muyinga huvuka mto Ruvubu na kupita Karuzi, kisha huelekea kaskazini mashariki. Muyinga, ambao tangu mwaka 2025 umo katika mkoa mpya wa Buhumuza, ni mji ambao Kiswahili husikika sana sokoni. Malori yatokayo Dar es Salaam huingilia mpakani Kobero, yakileta shehena za kila namna. Huku mlango wa chuma hupendwa na wenye maduka: mabomba ya pembe nne, bati nene, na fundi wa kuchomelea. Haupindi kwa jua wala hauliwi na mchwa. Lakini ni mzito, nao hushikwa na kutu usipopakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya urembo. Ukitundikwa kwenye ukuta wa matofali mabichi bila vyuma vya kushikilia fremu, kila ukibamizwa huutikisa ukuta, hata nyufa zikaanza.

Jambo hili si dogo kwa watu wa Muyinga. Kuanzia mwaka 2002 wakimbizi walisaidiwa kurejea kutoka Tanzania, wengi wakipitia Kobero, na kufikia mwisho wa mwaka 2009 waliorudi nchini walikuwa wamezidi 500,000. Wengi walilazimika kujenga upya. Ajengaye katika hali hiyo huinua kuta, huezeka, kisha huacha tundu, akitumaini kununua mlango mavuno yakipatikana. Siku ya kununua ifikapo, mlango ulio tayari huwa mpana kuliko tundu. Ndipo patasi hushika kazi. Matofali mabichi humomonyoka, na fedha za bawaba na kitasa huishia katika kuziba ukuta.

Mwenye nyumba basi na aamue juu ya mlango kabla ya tofali la kwanza. Ikiwa atanunua ulio tayari, aende dukani na kamba au futi, apime urefu, upana na unene pamoja na fremu, aandike. Ikiwa hana fedha za mlango, anunue fremu peke yake, ijengewe ndani ya ukuta ukiwa bado unapanda. Fremu ikisimama wima kwa timazi, mlango wa mbao au wa chuma utaingia hata miaka miwili baadaye.

Huko Unguja husemwa kwamba wajenzi wa zamani walisimamisha mlango kwanza, ndipo wakazungushia nyumba. Walikuwa matajiri, na milango yao ilikuwa ya nakshi. Lakini utaratibu wao hauhitaji utajiri. Mwenye tofali mbichi na fremu ya mkaratusi kavu aweza kuufuata, akalala usiku wa mvua bila kusikia ukuta wake ukimomonyoka.