Kengele Ni ya Aliyelala

Kengele ya shule nyingi za huku Nkasi, Ufipa, ni ringi ya gari. Inaning'inizwa kwenye tawi kwa waya, na kipande cha nondo kinachomekwa kwenye panda ya mti kikisubiri mpigaji. Ile ninayoijua mimi, shuleni hapa karibu na Kate, imepigwa miaka mingi hadi upande mmoja unang'aa na kutu imebaki upande wa pili tu. Ndiyo inayowaita watoto mstarini, kuwaingiza darasani, kuwaita wakale ugali na maharage, na kuwapeleka bwenini usiku. Siku moja nilimuuliza kiranja wa zamu angeipigaje kama bweni lingeshika moto. Alicheka kwanza. "Si nitaipiga tu, mzee, kwa nguvu zote."

Wengi wetu tungejibu hivyohivyo. Tunaamini kwamba kuonya ni kupaza sauti, na anayepaza zaidi ameonya zaidi. Lakini mtoto wa bweni lile amesikia ringi ile tangu alfajiri ikimwita kwa mambo ambayo yanaweza kusubiri. Usiku wa manane ataisikia, atajigeuza upande wa pili, atajifunika blanketi vizuri, maana baridi ya Ufipa ya mwezi wa saba haina utani.

Wanaobuni ving'ora vya moto waliliona tatizo hili zamani. Kila jengo lilikuwa na mlio wake: huku kengele, kule honi, pengine king'ora cha kupanda na kushuka. Mgeni angejuaje? Mwaka 1987 kikatoka kiwango cha kimataifa, ISO 8201, kilichoacha chombo kikae kilivyo na kushughulikia mapigo yake. Milio mitatu ya nusu sekunde, na kimya cha nusu sekunde kati ya mmoja na mwingine. Halafu kimya cha sekunde moja na nusu, na mzunguko unaanza upya. Marekani waliufanya mpangilio huo kuwa wa lazima kwa mifumo mipya kuanzia Julai 1996. Maana yake ni moja tu: toka nje.

Kinachonipendeza mimi ni kile kimya. Anayeishi jirani na mashine ya kusaga hashtuki mashine ikinguruma, hushtuka ikizimika. Nimewafahamu wazazi, na wakubwa wa kazi pia, wanaofoka kuanzia chai ya asubuhi hadi taa zinapozimwa. Siku wanapokuwa na neno la kweli la hatari hawana tena sauti ya kulisemea. Watoto wao si wakaidi. Masikio yamezoea.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu walichelewa kulikubali. Vile vifaa vidogo vya kutambua moshi vinavyobandikwa darini hulia kwa sauti nyembamba, kali, ya kama hezi 3,100. Kwa fundi anayevijaribu mchana, macho makavu, sauti hiyo inatoboa kichwa. Utafiti wa Profesa Dorothy Bruck na wenzake huko Melbourne, Australia, ulionyesha kwamba waliolala fofofo, hasa watoto, waliolewa na wenye usikivu hafifu, huamshwa vizuri zaidi na mlio mzito wa hezi 520, ambao unabeba ndani yake sauti nyingine za juu. Wazee nao sauti nyembamba ndizo za kwanza kuwatoka masikioni. Kanuni za Marekani zikaubadilisha mlio wa vyumba vya kulala katika majengo kama hoteli na mabweni kuanzia 2014. Hata ukubwa wa sauti hawaupimi pale kifaa kilipofungwa. Wanaupimia kitandani, kwenye mto, na pale unatakiwa ufike desibeli 75 au zaidi.

Hapo kwenye mto ndipo ninapolikumbuka jibu la kiranja. Yeye aliufikiria mkono wake. Mafundi hawa wamelazimika kulifikiria sikio la mtu mwingine, tena aliyelala, tena nyuma ya mlango.

Mwaka 2006 madaktari wa hospitali ya watoto ya Columbus, Ohio, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto 24. Kwa mlio wa kawaida wa kifaa cha moshi waliamka 14. Kwa sauti ya mzazi iliyorekodiwa, ikiwaita kwa majina na kuwaambia watoke, waliamka 23. Jaribio lao la baadaye lilionyesha kwamba hata jina si lazima, sauti ya mama inatosha. Bibi zetu wasingeshangaa. Usiku yowe likipigwa kijijini, mtu hutoka na rungu au ndoo kabla hajajua kuna nini, kwa sababu yowe ni sauti ya mtu na halipigwi kwa mchezo. Halimwiti mtu mstarini.

Siandiki haya kwa sababu napenda mambo ya hezi. Juni 1994 wasichana 42 waliteketea bwenini Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wasichana 12 wakafa Idodi, Iringa. Septemba 2020 watoto 10 wa shule ya msingi Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Yote ilikuwa mioto ya mabweni. Kwa jirani zetu Kenya, Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa makusudi. Bweni lile lilikuwa na milango miwili, mmoja umefungwa, na madirisha yana nondo. Waliokuwa ndani wengi waliamka. Kengele nzuri kupita zote isingewapa ufunguo, na mwenye shule anayejisifia king'ora huku akifunga mlango kwa kufuli kutoka nje, kwangu mimi hajaonya mtu yeyote.

Mwanafunzi kiziwi ndiye tunayemsahau kabisa. Mijini kuna taa za kumetameta zinazofungwa pamoja na king'ora, zinazowaka mara moja au mbili kwa sekunde. Haziruhusiwi kwenda kasi sana zisije zikamwangusha mwenye kifafa. Shule zetu hazina taa hizo, lakini zina watoto wengine. Mpe kila kiziwi jirani wa kitanda ambaye kazi yake inajulikana: kumtikisa.

Vifaa vya kisasa vitafika Kate vitakapofika. Lakini yale mapigo ya 1987 hayahitaji umeme. Ringi inaweza kuyapiga: tatu, kimya, tatu, kimya. Filimbi nayo inaweza. Kwa hiyo nawaomba walimu, matroni na patroni wa mabweni ya Ufipa, kabla upepo wa Agosti haujaanza kukausha majani. Chagueni mapigo ya moto, na msiyatumie kwa jambo lingine lolote, hata kwa wali wa sikukuu. Yajaribuni usiku wakati watoto wamelala, mmoja wenu akiwa amekaa kwenye kitanda cha mwisho kabisa kusikia kinachofika pale. Hesabuni wanaotoka. Hakikisheni milango yote ya bweni inafunguka kutoka ndani bila ufunguo. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, kupiga ni bure. Iandikeni ukutani bwenini, lakini msisubiri, maana gari la zimamoto lina safari ndefu kufika huku na bweni huwaka kwa dakika chache.