Uraibu wa Bibi

Tulipoanza kufundisha Kiswahili hapa Kigali, mwanafunzi wetu mmoja aliandika katika insha kwamba bibi yake huwakirimu wageni kwa uraibu. Tulilipigia neno hilo mstari mwekundu, na pembeni tukaandika: "Uraibu ni ulevi, mgeni hakirimiwi hivyo." Tukajiona tumefundisha.

Juma lililofuata tuliitwa Biryogo. Bibi alitandika mkeka, akaleta kijaluba cha shaba alichorithi kwa mama yake, mzaliwa wa Ujiji. Ndani mlikuwa na popoo iliyokatwa, katu, tumbaku, na chokaa katika kikopo chake. Majani ya tambuu, yaliyosafiri kutoka pwani, yalifungwa katika kitambaa kibichi. Alilipaka jani moja chokaa kidogo tu, akatia popoo na katu, akalikunja, akatupa kwa mikono miwili.

"Huu ndio uraibu, mwalimu. Karibu."

Tulitafuna, nasi si hodari. Mate yakawa mekundu kama wino wetu. Matabibu huonya kwamba popoo huleta saratani ya kinywa, na kweli siku hizi neno hilo husikika zaidi katika habari za dawa za kulevya. Lakini Lamu na Unguja uraibu ulikuwa heshima ya mgeni, kama ulivyokuwa mbali huko Kambodia, ambako Wakhmer waliitilia chokaa yao vyombo vya shaba nyeusi.

Tulimwomba mwanafunzi daftari lake, tumrudishie alama. Alikuwa amekwisha kusahihisha: bibi yake sasa huwakirimu wageni kwa soda.