AFYA YA MBWA, AFYA YA MWENYE MBWA

Ndugu mtahiniwa, ukiulizwa faida ya kufuga mbwa, jibu la kwanza litakalokujia ni ulinzi. Ukiulizwa ya paka, utasema kukamata panya. Majibu hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Katika insha hii nataka kukuonesha kwamba mnyama tunayeishi naye nyumbani hutusaidia kuwa na afya ya mwili na ya akili, na kwamba msaada huo huja pale tu sisi nasi tunapoitunza afya yake.

Mimi nimekulia Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, mahali panapojulikana kwa dhahabu. Huku watu hutoka kila upande wa nchi. Kijana hufika na begi moja, akapanga chumba, akaanza kushuka duarani. Mama yake yuko mbali, rafiki zake wa utotoni wako mbali, na jirani yake wa leo, kesho amehamia machimbo mengine kwa kuwa amesikia huko mawe yanalipa. Mtu anaweza kuishi katikati ya umati huo na bado akawa mpweke. Ndiyo maana usishangae kumkuta mchimbaji mwenye mikono iliyokomaa kwa sururu akigawana ugali wake na mbwa mlangoni. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hawakusema ni lazima rafiki huyo awe na miguu miwili.

Faida ya kwanza, basi, ni kuondoa upweke. Nyumbani kwetu tulikuwa na mbwa aitwaye Subira, jina alilopewa na bibi yangu. Babu alipofariki, bibi alijifungia ndani. Ndugu walikuja, wakalia naye, matanga yakaisha wakarudi makwao. Subira alibaki kizingitini. Kila alfajiri alikwaruza mlango kwa sababu alikuwa na njaa, na njaa ya mbwa haijui msiba. Bibi alilazimika kuamka ampikie uji wa pumba. Akishaamka alitoka nje, akitoka nje, majirani walimwona na kumwamkia, "Mwangaluka mayu!" Naye akaitikia. Sisemi kwamba mbwa alimponya majonzi. Nasema alimpa kazi ya kufanya kila asubuhi, na kazi hiyo ikamrudisha kwa watu.

Faida ya pili inahusu mwili. Mwaka 1980, Erika Friedmann na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti juu ya watu 92 waliokuwa wamelazwa kwa maradhi ya moyo. Kati ya wagonjwa 53 waliofuga wanyama, waliofariki ndani ya mwaka mmoja walikuwa 3. Kati ya 39 wasiofuga, waliofariki walikuwa 11. Hata hivyo, usikimbilie kuandika kwamba mbwa ni dawa ya moyo. Utafiti ulikuwa mdogo, na mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limesababisha jingine. Jambo hilo likumbuke pia utakapoingia kwenye chumba cha mtihani wa Biolojia.

Watafiti wa Japani, wakiongozwa na Miho Nagasawa, walitoa matokeo mengine mwaka 2015. Waligundua kwamba mbwa na mwenye mbwa wanapotazamana kwa muda, homoni iitwayo oksitosini huongezeka kwa wote wawili. Homoni hiyo hutoka pia kwa mama anaponyonyesha mtoto wake. Ongeza hapo jambo ambalo halihitaji maabara: mwenye mbwa hutembea. Mzee ambaye angeshinda amekaa kwenye kigoda hulazimika kunyanyuka, akaita, akafuata na kurudi.

Ikiwa nyumbani kwenu mbwa hafugwi kwa sababu ya imani au nafasi, paka naye ana mchango wake. Kwenye kihenge chenye mahindi, paka mmoja huwatia panya hofu usiku kucha, na familia haina haja ya kutega sumu mahali watoto wanapocheza.

Faida ya tatu ni ile tunayoisahau: mnyama wa nyumbani hutupa tahadhari. Anakunywa maji yaleyale, anavuta hewa ileile na kula mabaki ya chakula kilekile, hivyo sumu ikiingia katika makazi yetu, yeye naye imemfikia. Katika mji wa Minamata nchini Japani, miaka ya 1950, paka walianza kuyumba, kutetemeka na kufa. Mwaka 1956 ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi kwa binadamu. Chanzo kilikuwa zebaki iliyotoka kiwandani, ikaingia baharini, ikaingia kwa samaki, na samaki hao waliliwa na paka na watu pia. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, wa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Habari hiyo inatuhusu sisi tunaoishi kwenye ukanda wa dhahabu, kwa maana wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasa dhahabu. Ukimwona mbwa anakunywa maji kwenye dimbwi la mwaloni, mfukuze, kisha jiulize watoto wanachezea wapi. Ukiona wanyama wa mtaa wanaugua bila sababu inayoeleweka, toa taarifa kwa afisa mifugo. Wataalamu huuita mtazamo huu Afya Moja: afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira haitenganishwi.

Mbali na faida hizo, upo upande wa pili wa shilingi. Mbwa asiyetunzwa anaweza kuua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba watu 4 kati ya 10 wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

Huku machimboni hatari hiyo ina sura yake. Dhahabu ikipungua, watu hukunja magodoro, hupakia pampu na masufuria kwenye gari, na mbwa huachwa. Aliyekuwa rafiki wakati wa shida anakuwa mzururaji asiye na chakula, asiye na chanjo wala mtu wa kuona kwamba tabia yake imebadilika. Siku akimng'ata mtoto anayekwenda shule, tutamlaumu mbwa, ilhali aliyemtelekeza yuko Geita anachimba.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga yenyewe inajulikana tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister jijini Paris, tarehe 6 Julai 1885. Mpeleke mbwa wako achanjwe anapofikisha miezi mitatu, kisha rudia kila mwaka. Asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtu aking'atwa, oshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa, wala asianzie kwa mganga.

Kwa kuhitimisha, ndugu mtahiniwa, mnyama wa nyumbani hupunguza upweke, huuchangamsha mwili na hututahadharisha na hatari tusiyoiona. Malipo anayodai ni madogo: chakula, maji safi, chanjo, na kutotelekezwa. Mwezi Novemba ukishamaliza mtihani, huenda nawe ukafunga begi kwenda kutafuta maisha kwingine. Kama una mbwa, kabla hujaondoka mkabidhi kwa mtu utakayemtaja kwa jina, na kadi yake ya chanjo iwe mkononi mwa mtu huyo.