Cheo Kilipogeuka Mali: Somo la Dola Tatu za Kiislamu

Kila ninapofundisha historia ya dola tatu kubwa za Kiislamu, yaani ile ya Uthmania iliyotawala kutoka Istanbul, ya Wasafavi wa Uajemi na ya Wamughal wa Bara Hindi, wanafunzi huwa na majibu mawili tayari kuhusu anguko lake. Wengine husema watawala walilegeza dini. Wengine husema Wazungu walikuja na bunduki. Sikubaliani na yote mawili, na nina sababu ya kulishikilia jambo hili: namna tunavyoeleza anguko la wengine ndivyo tunavyojitazama sisi wenyewe.

Tuanze na bunduki. Dola hizi zenyewe zilisimama kwa baruti. Mehmed wa Pili alibomoa kuta za Konstantinopoli kwa mizinga mwaka 1453. Babur alishinda Panipat mwaka 1526 kwa mizinga na bunduki, dhidi ya jeshi lililomzidi kwa wingi. Wasafavi walishindwa na Waothmani kule Chaldiran mwaka 1514, wakajifunza. Ama dini, Akbar aliyefuta kodi ya jizya mwaka 1564 ndiye aliyeijenga dola ya Mughal. Aurangzeb, mcha Mungu aliyeirudisha mwaka 1679, aliiacha dola ambayo haikuchukua muda kupasuka baada ya kifo chake mwaka 1707. Shah Sultan Husayn wa Uajemi naye alisifika kwa uchaji, na ndiye aliyevua taji mwaka 1722.

Kwa maoni yangu, siri ya kupanda kwao ilikuwa katika namna ya kuwalipa watumishi wa dola. Askari farasi wa Uthmania alipewa timari, yaani haki ya kukusanya kodi ya vijiji fulani. Hakupewa ardhi yenyewe, na asipoitika vitani alinyang'anywa haki hiyo. Kwa Akbar, kila ofisa alikuwa na cheo chenye namba, na sehemu ya wajibu wake ilikuwa kuleta idadi maalumu ya askari farasi. Alilipwa kwa mapato ya eneo aliloonyeshwa, kisha baada ya miaka michache akahamishiwa kwingine. Farasi walipigwa chapa ili wasihesabiwe mara mbili. Sisi tuliohesabu wafanyakazi hewa hatuna budi kutabasamu: Akbar alikuwa akipambana na farasi hewa.

Kisha utaratibu ukapinda. Vita vya karne ya 17 vilidai askari wa miguu wenye bunduki, na hao walidai mshahara wa fedha taslimu. Istanbul ikazidi kuuza haki ya kukusanya kodi kwa aliyetoa dau kubwa, na mwaka 1695 ikaanza kuiuza kwa muda wote wa maisha ya mnunuzi. Serikali ilipata fedha za leo kwa kuuza mapato ya kesho. Tangu miaka ya 1630 Koçi Bey alikwisha kumwandikia Sultan Murad wa Nne akilalamika kwamba timari zinawaendea wasiostahili. Dola haikufa hapo; iliishi hadi 1922. Lakini ilizidi kutegemea watu walioinunua vipande vipande.

Huko India, Aurangzeb alizama katika vita vya Dekani kwa robo ya karne. Aliteka Bijapur mwaka 1686 na Golconda mwaka 1687, akawapa vyeo wengi wa aliowashinda. Vyeo vikazidi maeneo ya kuvilipia. Aliyepata eneo, asijue atalikaa hadi lini, alimkamua mkulima upesi kabla ya kuhamishwa. Daktari Mfaransa François Bernier alikwisha kuliona hilo katika karne hiyo hiyo.

Uajemi iliumia kwa njia nyingine. Shah Abbas alizifanya baadhi ya wilaya kuwa mali ya taji ili alipe jeshi lake jipya, na wanamfalme wakafungiwa ndani ya jumba. Waliomrithi wakapanda kitini bila kupata kutawala hata wilaya moja. Waafghani walipouzingira mji wa Isfahan mwaka 1722, njaa ya miezi kadhaa ilitosha kuuangusha.

Tazama sasa: Waothmani waliwaachia watu haki ya kodi maisha, Wamughal waliwahamisha haraka, na pande zote mbili mkulima aliumia. Kwa hiyo muda wa kukaa ofisini si kiini cha jambo. Kiini ni kama kuna anayemkagua ofisa, na kama mkulima ana mlango wa kupeleka shauri lake. Wanazuoni wa Kiothmani walilieleza kwa mfano wa duara: jeshi hutegemea fedha, fedha hutegemea raia, na raia hutegemea haki. Walijua. Kujua hakukutosha, kwa sababu waliopaswa kurekebisha mambo ndio walionufaika na upotovu.

Mwaka 1765 mfalme wa Mughal aliikabidhi Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya Hindi haki ya kukusanya kodi ya Bengal. Tunapenda kuikumbuka siku hiyo kama wizi wa mgeni, na wizi ulikuwapo. Lakini mgeni alipewa kitu ambacho wenyeji walikwisha kuzoea kukiona kikigawanywa na kugombewa kama mali. Ofisa anayesoma haya akumbuke kwamba cheo ni dhamana, na mwanafunzi aulize, kila mkataba wa mapato ya umma unapotiwa saini: kesho ya nani imeuzwa leo?