Gari la Harusi na Tope la Muleba

Tangu tuhamie Bukoba, kwao bwana, mashoga wa Unguja mnatuuliza: lile gari jeupe la kwenye picha za walima liko wapi? Leo tunawajibu.

Lilikuwa Altezza, la chini, lenye mwendo. Tulilitunza kuliko fenicha za ndani. Lakini Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ikifika Aprili njia za vijijini huwa kama zimepakwa sabuni. Gari lile husukumwa na matairi ya nyuma, na uzito wa injini uko mbele. Kwenye utelezi ukikanyaga mafuta, nyuma kwepesi, matairi yanazunguka bure, mkia unakuponyoka. Wenzetu Ulaya hupata shida hiyo kwenye theluji. Theluji yetu sisi ni tope.

Asubuhi moja ya masika tukapigiwa simu: shangazi aliyemlea bwana amefariki, maziko ni baada ya Adhuhuri, kijijini Muleba. Jirani akatushauri tupande basi, kisha bodaboda. Tukamjibu, gari tunalo.

Lami ya Kemondo ilikuwa haina neno. Baada ya Muhutwe tukashika njia ya udongo, na kwenye mteremko wa kwanza mkia ukatuponyoka. Tukakanyaga breki, likawa kosa juu ya kosa. Gari likazunguka, likaingia mtaroni. Hatukuumia, alhamdulillah. Vijana wakatoka migombani kutusukuma, lakini saa zilikwenda.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi makaburini. Jioni bwana alikaa jamvini, tope limemkaukia kwenye suruali, akasema: "Alinibeba mgongoni miaka yote ile. Mimi nimeshindwa kumbeba mara moja."

Wapenzi, dua ya safari tuliisoma siku ile. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Allah. Sisi ngamia wetu tulimwacha wazi, kwa sababu tulitaka kuonekana tumefika na gari.

Baada ya hapo tulijifunza: viroba viwili vya mchanga kwenye buti, matairi yenye kashata nzima, gia ya pili taratibu, kuachia mafuta badala ya kubana breki, na mkia ukienda kushoto, usukani nao kushoto. Ilisaidia, ila moyo haukutulia. Tukaliuza, tukanunua kigari kidogo kilichoinuka, kinachosukumwa na matairi yote manne. Hakipendezi pichani, lakini kwa mavyaa kinafika.

Mabibi harusi, mkiulizwa mnataka gari gani, nanyi ulizeni kwanza: njia ya ukweni ikoje siku ya mvua? Na siku mkipigiwa simu kama ile, tokeni mapema, hata kwa bodaboda.

Mwombeeni shangazi yetu. Allah amrehemu. Amin.