Usiondoke na Funguo

Tanga, 9 Desemba

Mjomba Idrisa,

Huku hatujambo. Goti la bibi yako limetulia, na nyumba ya uani imepata mpangaji. Mengine atakueleza mama yako, maana ndiye aliyenipigia simu Ijumaa usiku akanikosesha usingizi.

Anasema unaacha kazi uliyonayo kwa ajili ya nyingine. Hilo halikunishtua. Una miaka ishirini na tisa, na mlango ukifunguka kwingine mtu huingia. Kilichonikesha ni maneno uliyomwambia huku ukicheka: kwamba utaondoka bila kuaga, kwamba nywila za seva unazo wewe peke yako, na kwamba watakujua wewe ni nani siku mfumo utakapolala. Mama yako hajui seva ni kitu gani, lakini mimi najua.

Najua pia kwamba wamekuudhi. Miaka mitatu umejenga ule mfumo wa mikopo, mwisho wa mwezi unalala ofisini, kisha cheo akapewa mtu aliyekuja juzi, na wewe ndiye ukaagizwa umwelekeze kazi. Inauma, na sitakudanganya kuwa haiumi. Lakini nisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili nimeliona likitendeka mbele ya macho yangu.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mahesabu ya Hazina kuvurugika kwenye mashine. Kwa hiyo mimi nilipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1986, watu wenye ujuzi wa kompyuta walikuwa wa kuhesabu. Aliyejua kuandika programu alikuwa kama mganga, na kama mganga, dawa zake hakumwonyesha mtu. Katika shirika letu, ambalo jina lake naliacha, mganga wetu tulimwita Fundi. Mishahara yote ilipita kwenye programu yake ya COBOL. Ndani yake hakuweka hata mstari mmoja wa maelezo, na majina ya vitu aliyatoa kwenye vituo vya reli ya kwao: mshahara kabla ya makato aliuita KOROGWE, kodi akaiita MOMBO, makato ya akiba ya uzeeni SAME. Ukimuuliza maana yake, anakutuma ukamletee chai.

Mwaka 1993 nafasi ya mkuu wa kitengo ikawa wazi. Kila mtu alijua ni ya Fundi. Akapewa mwingine, na sababu yake kila mtu aliijua. Tarehe 11 ya mwezi ule Fundi aliingia asubuhi, akachukua daftari lake na disketi zake, akaondoka bila neno. Tarehe 25 tukaiwasha programu ya mishahara. Ikaenda kidogo, ikasimama, ikadai neno la siri. Hapakuwa na mtu aliyelijua.

Unadhani nani aliumia? Mkurugenzi alichukua masurufu kwa keshia, maisha yake yakaendelea. Walioumia ni walinzi, madereva, wafagizi, na yule mama aliyetupikia chai. Mwanawe alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Siku ya tatu alikuja akakaa kwenye ngazi, mlangoni kwetu, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa: “Hivi yule Fundi, mimi nilimkosea nini?” Sikuwa na jibu, Idrisa, na hadi leo sijalipata.

Mimi na kijana mwenzangu tulikesha usiku kumi na tatu. Tulichukua karatasi za mishahara za mwezi uliopita tukaingiza upya wafanyakazi 840, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi. Watu walilipwa tarehe 12 ya mwezi uliofuata, na hesabu haikupungua hata senti. Hiyo ni kazi ambayo najivunia mpaka kesho. Nafasi ya masomo India ilipokuja mwaka ule, alipelekwa mpwa wa mtu. Sikupewa hata barua ya shukrani.

Sasa nikueleze ambalo hata mama yako hajawahi kulisikia kwangu. Baada ya kunyimwa India, na mimi niliingiwa na roho ya Fundi. Niliandika programu mpya ya mishahara, sikumfundisha mtu. Nilijiambia hii ndiyo bima yangu, hawatanigusa. Kweli hawakunigusa. Mwaka 1998 nilipata kazi Arusha, mshahara karibu mara mbili. Wale wa Arusha waliomba niachiwe, wakajibiwa kwamba nikiondoka hakuna wa kulipa watu mishahara. Nikabaki. Mwaka 1999, tulipokuwa tunabadili miaka ya tarakimu mbili iwe ya tarakimu nne ili mashine zisichanganyikiwe mwaka 2000 ukiingia, baba mkubwa alifariki Pangani. Sikumzika. Nilikuwa peke yangu kwenye yale mafaili, na kufuli nililifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo unaposema funguo ni zako peke yako, mimi nakuona wewe ndiye uliyefungiwa ndani.

Fundi nilikutana naye Kariakoo miaka mingi baadaye, akitengeneza redio. Alikuwa na kichwa ambacho sijaona mfano wake. Kila ofisi aliyoomba kazi ilipiga simu kule alikotoka, na kila simu ilijibiwa.

Wala usidhani ni mambo ya zamani au ya kwetu tu. Mwaka 2008 huko San Francisco, Marekani, mhandisi wa mtandao wa jiji alikataa kuwapa wakubwa wake nywila. Alikuwa hodari, na aliamini kwamba wao wangeuharibu mtandao alioujenga. Mtandao wenyewe haukuzimika. Hata hivyo aliwekwa ndani, na nywila alikuja kumpa Meya mwenyewe aliyemfuata gerezani. Mwaka 2010 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Na kwetu hapa ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuharibu au kufuta data bila haki ni jinai, hata kama msimbo umeuandika wewe usiku bila posho. Halafu ulichokiandika ukiwa umeajiriwa, kama mkataba hausemi vinginevyo, ni mali ya mwajiri. Usikibebe kwenye flashi ukaenda kukiuza unakokwenda.

Kuhusu hiyo kazi mpya: usiache ya sasa kwa ahadi ya simu, subiri mkataba wenye saini. Ukishaupata usome wote, hasa sehemu ya siri za kampuni. Angalia kama michango yako ya hifadhi ya jamii, NSSF, imepelekwa kweli, usitosheke na kuona imekatwa. Usiwaambie wenzako utalipwa kiasi gani huko. Na lala, mjomba. Mama yako anasema macho yako yamekuwa mekundu.

Narudi palepale. Mfumo wako unatumiwa na vyama vya akiba na mikopo vya walimu na wakulima. Sasa ni Desemba. Januari walimu hao watapanga foleni kuomba mkopo wa ada na sare za watoto wao. Ukilala mfumo siku hiyo, bosi wako atatoa gari lake uani akapeleke wanawe shule. Mwalimu wa Handeni ataambiwa “mfumo umegoma, njoo kesho”, naye hajawahi hata kulisikia jina lako.

Toa notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka isipungue siku 28. Katika siku hizo, andika. Andika seva ziko wapi, nakala za akiba zinachukuliwa saa ngapi na mtu azirudishe vipi, hesabu ya riba inafanywa wapi, na yale makosa unayoyajua wewe tu ambayo kila mwezi unayarekebisha kwa mkono kimyakimya. Mwelekeze huyo mgeni mpaka aweze kufunga mwezi mbele yako bila wewe kugusa kibodi. Nywila zikabidhi kwa maandishi, wazibadilishe zote ukiwepo, upewe hati ya makabidhiano yenye saini na mhuri, ubaki na nakala. Nakala hiyo itakulinda wewe, likiharibika lolote baada ya hapo.

Hasira zako kuhusu kile cheo ziseme kwa mdomo, mbele ya mkurugenzi, siku unayompa barua. Mimi sikusema zangu, nikaziweka miaka.

Jumamosi nakuja Dar kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi, nitafikia kwa mama yako. Nakuomba barua ya kuacha kazi usiitume kabla hatujaonana, na kama una daftari la mfumo uje nalo, tuanze kuandika pamoja.

Ni mimi mjomba wako,
Salehe