Kiti cha Kushoto

Jumamosi asubuhi huwa tunakutana kwa jamaa anayeosha magari kando ya Ngong Road. Tuko watano. Wenye magari ni wawili, lakini maoni kuhusu magari tunayo sote, tena ya kujaza yadi nzima.

Na tukisema gari jipya, tuelewane. Lile la kilomita sifuri tunaliona kwa mabango tu. Jipya kwetu ni lililotumika Japani, halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe, maana sheria haikubali kuagiza la zamani zaidi. Linashukia Mombasa, linapewa namba inayoanza na KD. Ukiliwasha, mwanamke fulani anakuambia kitu kwa Kijapani. Redio yake inakosa stesheni nyingi za Nairobi, kwa sababu FM ya kwao huanzia 76 na yetu hupanda hadi 108. Hapo ndipo unajua umenunua jipya.

Nilipowaambia kwamba pesa ziko tayari, akiba na mkopo wa sacco, kila mtu akawa profesa.

"Chukua Probox, buda. Hiyo inabeba hata ng'ombe."

"Probox? Utasimama stage watu waingie wakidhani ni matatu!"

"Injini isizidi sisi 1500. Ikizidi tu, ushuru unapanda."

"Nunua nyeupe. Siku ya kuuza utanishukuru."

"Gari bila turbo ni friji yenye magurudumu."

Hilo la friji ndilo lililonishika. Wiki iliyofuata nikapata moja kwa yadi: jeusi, la chini, lenye turbo, gredi 4.5 kwenye karatasi ya mnada. Nikatuma picha kwa kundi. Moto ukawaka.

Siku ya kulijaribu ilikuwa pia siku ya kliniki ya mathe. Magoti yake yamechoka miaka mingi sasa. Nikaona nimchukue tuende pamoja, aone mtoto wake amefika wapi.

Kuingia, alishika paa, akageuka, akajiachilia. Tukacheka. Kutoka ndiko kulikonimaliza. Aliweka mguu mmoja nje, akapumzika. Akaweka wa pili, akapumzika tena. Nikamvuta kwa mikono yote miwili huku muuzaji akiangalia simu yake kwa heshima.

"Ni maridadi, baba," akasema akijipangusa kanga. "Chukua tu. Mimi matatu nimeshazoea."

Nilirudisha funguo. Jumamosi zote zile tulikuwa tumejadili injini, rangi, rimu na bei ya kuuza. Hakuna aliyewahi kuuliza ni nani ataketi kushoto. Hata mimi, ninayejua vizuri kwamba kila Jumanne ya pili ya mwezi kuna mtu anayepanda matatu mbili kwenda kliniki, akishuka kwa shida konda akipiga kelele "harakisha mama".

Mara ya pili nilimwacha yeye ajaribu. Alizunguka yadi akiketi na kuinuka, akiketi na kuinuka, kama anayenunua kochi. Alilolichagua ni Toyota Porte: sakafu iko chini, kiti hakikuzamishi, na upande wa kushoto kuna mlango mmoja mpana unaojifungua kwa kuserereka. Aliingia bila kushika paa.

Jumamosi hiyo walinicheka mpaka jamaa wa kuosha akazima mashine asikie. "Hiyo ni gari ama ni lifti?" Nikacheka nao. Sitadanganya, lile jeusi bado naliota, na turbo ikinipita Thika Road shingo inageuka yenyewe.

Lakini Jumanne ya pili ikifika, mlango unaserereka, mathe anaingia na kibeti chake, nawasha gari. Yule mwanamke anasema maneno yake ya Kijapani.

"Asante, mama," mathe anamjibu, kisha anafunga mkanda.